Kukhu Aliambiwa Avue Viatu

Jumamosi jioni. Mvua imepita na Sigalame yote inanukia udongo. Ningepaswa kufurahi, lakini nina hasira ambayo sijui niiweke wapi.

Leo alikuja mpiga picha kutoka Nairobi. Anatengeneza kalenda ya wanawake wafanyabiashara wa mpakani, na Kukhu, mama yake baba, ameuza vitenge Busia tangu kabla sijazaliwa. Alijiandaa kama watu wa rika lake wanavyojiandaa: gauni la kanisani, kilemba kilichopigwa pasi, viatu vyeusi. Akatoa kiti nje, akakaa wima, mikono magotini. Kwake picha isiyoonyesha mtu kuanzia kichwa hadi viatu ni picha iliyokatwa.

Mgeni akampiga picha moja, akamsifu, kisha akasema, "Lakini mama, tunataka maisha yako ya kawaida. Vua viatu, ujifunge leso, twende pale jikoni kwenye moshi."

"Jikoni siuzi kitu, mwanangu," Kukhu akamjibu.

Mgeni alicheka, akadhani ni mzaha. Kukhu akaenda, kwa sababu mgeni hakataliwi. Nilimwona akiinama juu ya kuni, machozi yakimtoka, na kamera ikilia tu.

Baadaye mgeni alimwonyesha picha ya jikoni. Kukhu akatazama kwa muda mrefu.

"Huyu mama amefiwa na nani?"

"Ni wewe, mama! Hii ndiyo itakaa mbele ya kalenda."

"Wateja wangu watanichangia matanga. Usiiweke hiyo."

"Tutaona, mama," akasema, akifunga mkoba wake.

Tutaona.

Sidhani ni mtu mbaya. Aliongea kwa upole, hata alinisaidia kurudisha kiti ndani. Nafikiri alikuja na bibi kizee wa kubuni kichwani, akatafuta tu uso wa kumpa.

Kukhu amelala mapema leo. Hakutaka hata chai.

Nimemwandikia yule mpiga picha kwa simu ya Mama. Nimemwomba atumie picha ya kitini, au aende kwenye kibanda cha vitenge Jumatatu amkute Kukhu akibishana bei. Nimeona ameusoma ujumbe. Hajajibu.

Asipojibu, kesho baada ya ibada nitamwomba Mama anisindikize hadi gesti alikolala. Nitamwamkia vizuri, kisha nitamwambia kwamba Kukhu alisema hapana.