Pigo Linalovuta

Jumatatu, 9 Oktoba 2023
Kabeza, Kigali. Mwezi huu inatimia miaka ishirini na saba tangu vita vinitoe Uvira. Nilikuwa na miaka arobaini na minne. Sasa sabini na mmoja.

Leo Cassien, mkwe wa mdogo wangu Maneno, amenitumia sauti kwenye simu. Anasema ameirekodi juzi, kwa simu yake, kitandani kwa Maneno, ambaye anaumwa sana. Pigo moja la ngoma — Maneno huanza hivyo badala ya salamu, tangu enzi za barua za kaseti — kisha sauti yake: Yaya, rudi nyumbani, usikawie. Kwetu kaka mkubwa ni Yaya. Cassien ameongeza: njoo Jumamosi, Papa, na cheti cha kiwanja chako cha huku usikisahau.

Nimelia. Halafu nimesikiliza tena kwa hedifoni za mjukuu wangu Ikirezi.

Pigo linavuta.

Jumanne, 10 Oktoba
Niandike polepole, nisijidanganye.

Maneno huilaza ngoma, mdomo wa nyuma usio na ngozi ukielekea maikrofoni. Mkono ukigonga ngozi, mdomo husukuma hewa. Ndivyo pigo linavyopaswa kuanza: kwa kusukuma. Kwenye kanda zangu za Uvira linaanza kwa kuvuta, na kosa ni langu. Mwaka 1984, kwenye studio yangu ndogo nyuma ya nyumba, niliunga nyaya za maikrofoni kinyume. Nilipogundua, kanda zilikuwa zimeshapita mia. Sikurekebisha. Nilitaka za kale na mpya zifanane. Wenzangu walicheka: hakuna sikio linalojua tofauti hiyo. Langu lilijua.

Maikrofoni iliungua 1996 pamoja na studio. Simu ya Cassien haina kosa langu.

Nilipofanya kazi Bujumbura, kabla ya moto huo, Maneno alinitumia kaseti nyingi alizorekodi kwenye studio yangu, zote akiniita nyumbani. Kama hii ni mojawapo, aliyoisahau kwenye sanduku bila kuituma — yeye mwenyewe yuko wapi? Na nani ananiita, pamoja na cheti changu?

Nimempigia Cassien niongee na mdogo wangu. Koo limefunga, anasema. Hawezi.

Jumatano, 11 Oktoba
Kwa Gakwaya, fundi redio wa jirani. Nimemweleza. Amenikalisha mbele ya pazia, spika nyuma yake. Anarusha sarafu, anageuza nyaya au anaziacha, anapiga kipande kilekile cha ngoma. Mimi naandika: sukuma, vuta. Mara kumi na sita.

Nimepata tisa.

— Mzee, mbuzi wangu angepata nane, na hajawahi kusomea redio.

Nimecheka naye. Njiani Ikirezi akaniuliza taratibu: Babu, si kwamba unaogopa kwenda, ndiyo maana unasikia sababu?

Naogopa kwenda, ni kweli. Lakini naogopa zaidi Maneno afe akiutazama mlango, kwa ajili ya sikio langu lililopata tisa.

Alhamisi, 12 Oktoba
Ikirezi ameifungua ile sauti kwenye kompyuta. Pigo ni mstari. Mstari unaanza kwa kushuka, yaani kuvuta. Nikasimama: umeona!

Tumempelekea Gakwaya. Ametazama sana, hakufanya utani. Inategemea simu ilikuwa wapi, amesema. Ikiwa juu, upande wa ngozi, mkono unaikimbiza ngozi mbali na simu. Lazima mstari uanze kwa kushuka. Mgonjwa amelala, ngoma iko mapajani, mtu amesimama juu yake na simu. Si rahisi, mzee?

Ni rahisi. Ndiyo maana sipati usingizi.

Tiketi nimekata. Cheti kimo ndani ya koti.

Ijumaa, 13 Oktoba
Baada ya swala nimemwandikia Cassien. Maneno asitamke kitu, alilinde koo lake. Apige ngoma tu. Mapigo matatu. Naomba hilo tu, kisha kesho nakuja.

Saa nzima ikapita. Kisha sauti ikaja.

Pigo moja.

Nimelisikiliza mara saba. Nikampa Ikirezi hedifoni. Amesikiliza, akazivua, akazikunja waya vizuri, muda mrefu kuliko inavyohitajika.

— Labda amechoka, Babu.

— Labda.

— Uliandika matatu?

Nikamwonyesha. Niliandika matatu, kwa tarakimu na kwa herufi. Kwenye kila kaseti ya kale mna pigo moja tu.

Nimeomba tena: mawili yaliyobaki. Alama inaonyesha amesoma. Hajajibu. Nimepiga, simu inaita mpaka inakata. Kama yuko hai na mkono umeishiwa nguvu kwenye pigo la kwanza, basi mimi ni ndugu mbaya, na nitalibeba hilo.

Nimelisikiliza mara ya nane. Linavuta. Fundi alithibitisha kwamba siwezi kulijua hilo.

Basi linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Ikirezi ameketi mlangoni, anatazama begi langu. Cheti nimekitoa kwenye koti.

Sitarudi Uvira.