Mstari Ulionyooka Juu ya Mahame

Butimba, Mwanza
Jumapili, 16 Februari 2025
Mwaka wa hamsini na moja tangu niondoke nyumbani

Mdogo wangu Somoe,

Shikamoo yako niliipata kwenye simu, imechanganyika na kelele za kuku na za wajukuu, nami naiitikia hapa kwa wino: marahaba. Mguu wako je? Ulisema uvimbe umeshuka. Niambie kama umeshuka kweli au ulitaka tu nisiulize zaidi. Na kifua cha shemeji? Mimi limebaki jicho moja linalosoma, la kulia, na nyonga inanikumbusha kila asubuhi kwamba huku tumejenga juu ya mawe. Wifi yako ni mzima. Mvua zimekuwa nyingi, ziwa limepanda mpaka kwenye bustani za watu, na magugumaji yameziba pale tulipokuwa tukinunua samaki.

Uliniomba nichunguze bomba jipya la gesi litapita wapi, na kama litagusa mahame yetu. Najua ungependa nikupigie simu. Nimeandika kwa sababu jambo lenyewe utahitaji kulisoma zaidi ya mara moja, na wazee watataka kulisikia likisomwa, siyo kusimuliwa.

Nilikwenda kwa jirani yangu, Mama Kabula, aliyekuwa mpima ardhi kabla hajastaafu. Ni Msukuma wa Magu, mcheshi, na hajawahi kunisamehe kwa kuzaliwa kusini. Nilipoingia umeme ulikuwa umekatika.

"Umeona, Mwalimu?" akanipokea. "Taa zetu zinawashwa na gesi ya kwenu. Zikizimika najua ni ninyi mmenuna."

"Tungekuwa tunanuna hivyo," nikamwambia, "mngekaa gizani tangu tulipoanza kuchimbiwa."

Umeme uliporudi akawasha kompyuta. Nikueleze, maana hata mimi nilikuwa silijui jambo hili vizuri. Siku hizi taarifa za gesi zinawekwa wazi kwenye mtandao: visima viko wapi, bomba linapita wapi, limekuta nyumba ngapi, miti gani, makaburi gani. Mtu yeyote anaweza kuzichukua bila kuandika barua ya maombi. Wanaziita takwimu huria. Lengo ni kwamba mwananchi aone kinachofanyika juu ya ardhi yake na aweze kuhoji.

"Zamani ramani kama hii ilifungiwa kabatini," alisema Mama Kabula. "Mwenye ufunguo akienda likizo, na nchi nzima imekwenda likizo."

Ikafunguka picha iliyopigwa kutoka angani. Somoe, nikasogeza kiti karibu. Niliuona mto wetu, mwembamba kuliko nilivyoukumbuka. Niliiona barabara tuliyohamishiwa kando yake mwaka ule nilioondoka, na mabati ya kijiji yaking'aa. Na ng'ambo ya mto, mahame: pori lililofunga, lenye kijani kizito kuliko mapori mengine, kama ilivyo mahali watu walipoishi na kutupa majivu miaka mingi.

Juu ya picha kulikuwa na mstari mwekundu. Ndilo bomba.

"Sikiliza," akasema Mama Kabula, "bomba halipendi kona. Kona ni gharama. Ukiona limepinda, ujue kuna kitu limekikwepa." Akafuata mstari kwa kidole mpaka kijiji cha jirani zetu, wale wa juu ya kilima. Pale mstari umepinda, ukazunguka, halafu ukarudi njiani. Akabonyeza nukta iliyokuwa kwenye kona. Yakatokea maandishi: makaburi ya ukoo, yameoneshwa na wenyeji.

Kisha tukafika kwetu. Mstari umevuka mto na kupita katikati ya mahame, umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Akabonyeza. Makazi: hakuna. Makaburi: hakuna. Chanzo cha taarifa: mkutano wa kijiji.

"Mwalimu, hapo pana nini?"

"Pana mama yangu," nikamjibu.

Akavua miwani akaiweka mezani. Hakunitania tena siku ile.

Sasa nielewe, mdogo wangu. Sikuandikii ili kukulaumu. Nakumbuka ulivyonieleza wakati ule, jinsi walivyokuja vijana wa bomba wenye vishikwambi wakihesabu kila kitu. Mlikuwa mmeshaona kilichowapata wenzenu wa bondeni: kila mkorosho uliopakwa rangi na kupewa namba ulikatwa. Mkajifunza kwamba kinachohesabiwa huondolewa. Walipouliza habari za makaburi, wazee wakasema hatuna, na kijiji kizima kikaitika. Usiku ule mkavuka mto, mkayang'oa mawe ya kichwani na ya miguuni, mkayalaza porini ili mgeni asione kitu. Ulinisimulia kwa sauti ya mtu aliyeokoa kitu. Hata mimi niliona mmefanya vyema. Nani kwetu angekubali kusikia habari ya kufukua kaburi?

Lakini wale wa kilimani walisema, na mstari ukawapisha. Ninyi mlificha, na mstari ukawaamini.

Nilipiga simu kwenye ofisi inayopokea maoni. Akapokea kijana mwenye adabu.

"Mzee, taarifa hiyo ilitolewa na kijiji chenyewe. Na imewekwa wazi muda mrefu, hakuna aliyeipinga."

"Wazi kwa nani, mwanangu? Kule kwetu mtu akitaka kupiga simu hupanda kichuguu."

"Kwa kila mtu, mzee. Hata mtu wa Ulaya anaiona."

Alisema kweli. Watu wa Ulaya wameona kwamba mama yetu hayupo pale.

Nikamuuliza, je, tukisema ukweli sasa, mstari utapinda? Akasema hapana, kipande hicho kimeshapitishwa. Makaburi yakioneshwa sasa yatahamishwa kwa heshima, na familia zitakuwepo kusimamia. "Na yasipooneshwa?" Nikasikia akifunua karatasi. Kisha akasema mitambo ya kusafisha njia itaingia baada ya masika.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, na limenichukua siku nyingi kuliandika. Usingoje. Nenda kwa wazee, wasomee barua hii, halafu vukeni mto pamoja na watu wa ofisi mkaoneshe. Mawe hayapo tena, na wanaojua nani kalala wapi ni wewe na wale wazee wawili waliobaki tu. Mkiondoka ninyi, hakuna takwimu itakayowarudisha wale watu. Mama, baba, na yule mdogo wetu tuliyemzika kabla hajapewa jina, muwatoe kwa mikono yenu na kwa dua, muwalaze karibu na barabara. Najua ninachokuomba ni kizito kuliko kile mlichokikimbia. Ni Shaabani sasa, mwezi wenu wa kufyeka makaburi. Labda itakuwa rahisi kidogo kwa sababu mngevuka mto vyovyote.

Nimeambatanisha ramani aliyoichapa Mama Kabula. Ofisini wameshapokea maandishi yangu kwamba taarifa si sahihi, lakini mimi sikuyaona makaburi hayo mengi yakichimbwa. Hata la mama, mliyemvusha mto kumzika, mlilifukia nikiwa njiani kuja mazishini. Watakutaka wewe.

Wifi yako alinikuta barazani jana na ile ramani. Akaitazama akiwa amesimama.

"Ndipo ulipokuwa unataka tukupeleke?"

"Ndipo. Kando ya mama."

"Na sasa?"

Nikaikunja ramani. Akakaa. "Kaka zangu wa Kisesa wana ardhi," akasema polepole. "Nilishaongea nao siku nyingi. Sikutaka kukukatisha tamaa."

Nisalimie shemeji, na umwambie tumbaku aiache. Nisalimie shangazi, mwambie bado naisikia fimbo yake. Nisalimie mwalimu wa madrasa, ambaye ndiye atakayewaongoza kwenye dua siku hiyo, na wazee wetu wawili. Waambie siwalaumu, waambie hilo kabla hujaanza kusoma.

Daktari amenikataza safari ndefu, lakini sitajificha nyuma ya daktari. Miaka yote hii nilipowaambia nitarudi, nilikuwa na maana ya mahali pamoja tu, hatua chache ng'ambo ya mto, na mahali hapo patapita bomba. Nimekubali ardhi ya Kisesa. Sitarudi.

Kaka yako,
Selemani