Daftari la Mabomba ya Shimo la Saba

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila salamu kwanza, maana anayeanza na shida amesahau adabu. Mimi sijambo, mama mkwe hajambo ila magoti tu, kifungua mimba wangu fundi cherehani hajambo, mkewe hajambo na mimba yake ya miezi saba, mjukuu wangu Kibogoyo hajambo na meno mawili ya mbele yameshaota tena, na kitindamimba wangu, ndiye mwenye neno hili, naye hajambo. Niliishia darasa la tatu, mwandiko utanivumilia.

Mimi ni dobi wa klabu ya gofu, nafua taulo za wachezaji, na marehemu mume wangu alitunza nyasi hapohapo miaka thelathini na moja, walimwita Bwana Umande kwa sababu kila alfajiri alivua viatu akatembea pekupeku mashimo yote kumi na nane, akisema jicho hudanganywa lakini unyayo haudanganywi, akirudi ananijazia majani sakafuni namgombeza, na leo natamani hiyo sakafu ichafuke. Palipolowa alichimba akafukia mabomba ya udongo ya kuondoa maji, mengi pale shimo la saba, akayachora kwenye daftari la jalada la bluu, na klabu haina mchoro mwingine, na daftari liko ndani ya sanduku langu chini ya nguo.

Sasa klabu inaufumua uwanja wote ipangwe upya, wanachagua msanifu wa kuuchora, wamebaki wawili, mmoja ni kitindamimba wangu, amesoma akaiva, mwingine ni dada mmoja mgeni. Jumapili mwanangu alikuja, akala akashiba, akasema, "Mama, nipe lile daftari la baba, na usimwambie mtu." Nikajibu nitalitafuta, na mimi najua lilipo hata nikifumba macho.

Kesho yake yule dada akaingia chumba cha kufulia, akanipa shikamoo, akauliza nani anajua mvua ikinyesha maji yanasimama wapi, maana kamati ya klabu hawajui. Nikamwambia, "Sijui, mwanangu," mikono imo kwenye povu. Akashukuru akatoka, nami dirishani nikamwona anavua buti, anazining'iniza begani, anashika njia ya shimo la saba pekupeku, polepole, anasimama anasikiliza mguu, vilevile kama marehemu, nikalia juu ya taulo za watu. Mwanangu aliukagua uwanja kwa kile kigari cha wachezaji, viatu vinang'aa.

Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nikilitoa daftari kwa wote atasema nimemnyima riziki, nikimpa peke yake sijui nitamtazamaje marehemu pichani. Kamati inakaa Jumamosi kuchagua. Nijibu upesi, hata mstari mmoja.

Mama wa Taulo

*

Mama wa Taulo, marahaba kwa salamu zako zote, na pole kwa kuondokewa na mtu mwenye unyayo kama ule.

Sasa tusizungukane. Umeandika "sijui" ukaipita haraka kama mtu anayeruka dimbwi. Rudi hapo. Binti alikuamkia kwa heshima, akakuuliza jambo unalolijua kuliko kamati nzima, ukamficha. Hilo ni kosa, na unalijua, ndiyo maana taulo zimelowa mara mbili.

Hakuna aliyekutuma uchague msanifu. Ila mabomba hayaulizi nani mtoto wa nani. Atakayechimba bila kujua yalipo atayavunja, na mvua ya kwanza itageuza miaka thelathini na moja kuwa bwawa. Na mwanao akishinda kwa daftari la kufichwa, siku moja wataulizana alijuaje, na wa kuulizwa utakuwa wewe.

Kwa hiyo kesho lipeleke likatolewe nakala mbili, usimame papo hapo, usimwachie mtu. Nenda kwa katibu wa klabu, mwambie wazi mmoja ni mwanao, waite wote wawili, kila mmoja apokee nakala yake saa ileile. Daftari lenyewe lirudi sandukuni. Binti mwambie, "Nilijua, nikakuficha, nisamehe." Atakuelewa. Anayetembea pekupeku ameshazoea miiba.

Mwanao atanuna. Mwache anune, mpikie.

Kisha kabla ya Jumamosi mwamshe alfajiri, mpeleke shimo la saba, mwambie avue viatu. Usiongeze neno. Baba yake atamweleza mwenyewe.