Simu ya Duke Bado Inaita

Ogembo,
Jumapili, 17 Mei.

Kwa dada yangu Nyanchera,

Pokea salamu zangu na za mke wangu Orpah. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu za kuketi na kuisoma hadi mwisho, na kwamba shemeji Masese na watoto wanaendelea vyema huko Nyansiongo. Nasikia mvua imewanyeshea vizuri na mahindi yenu yamefika magotini. Yule ng'ombe aliyekuwa na homa amepona? Huku sisi tu wazima wa mwili. Mama analalamika miguu, lakini bado anachuma majani chai yake mwenyewe na kumgombeza kila anayemkataza.

Najua utashangaa kuona fundi wa simu anakuandikia barua kama mwanafunzi wa bweni. Ulituambia sote tusikupigie, mwanao Duke asije akapiga akakuta laini yako ina mtu, na mimi nimetii. Lakini hiyo si sababu yote. Neno nililo nalo limenishinda kulisema kwa mdomo. Sabato mbili zilizopita nilikuja kwako nikiwa nimejiandaa kulisema. Ulinipikia chai, ukanikalisha kiti cha wageni, ukanishukuru kwa kukutia moyo, nami nikainywa hiyo chai, nikasifu maziwa, nikarudi Ogembo. Tangu siku hiyo sijaweza kujitazama kwenye kioo cha kunyolea.

Mengi ya haya unayajua, ila acha niyapange, kwa sababu upande wa kibandani kwangu hukuuona. Ndege iliyokuwa ikimpeleka Duke kwenye kazi yake ya hoteli ng'ambo ilipotea Jumatano moja mwezi uliopita, na Alhamisi asubuhi kibanda changu kiligeuka bunge. Watu walijua mimi ni mjomba wake, na walijua nina redio yenye sauti kubwa. Ombui wa bodaboda, ambaye hajawahi kuvuka Kisumu, alieleza jinsi ndege inavyotekwa na kushushwa kwenye kisiwa kisicho kwenye ramani. Mwalimu mmoja mstaafu alileta ramani ya dunia, akaibandika mlangoni pangu, akaanza kupima bahari kwa rula. Mwingine alisema walioiteka wanawatafuta wahandisi waliokuwa ndani, hivyo kijana wa hoteli kama Duke wangemwacha aende zake. Wiki ya pili watu walikuwa wanatoka hata Kenyenya kuja kusikiliza. Ni Shueib peke yake, anayeuza viatu kibanda cha pili, ambaye hakuchangia. Alitwambia kwamba waliomo ndani ya ndege ile wana mama zao, na kwamba tungepunguza sauti. Tulimwona hana bashasha.

Nami nilikuwa katikati yao kama jogoo wa mtaa. Afadhali niseme ukweli, nilipenda. Miaka kumi na saba nimekaa pale nikibadilisha vioo na spika, hakuna aliyeniuliza ninafikiri nini juu ya chochote. Sasa kila mtu aliyefika alisema tumsikie fundi.

Ndipo habari ya simu ikaenea. Wewe ulikuwa umepiga namba ya Duke siku ile ya kwanza ikaita, ukawaambia wenzako wa kanisa, nao wakaibeba mpaka kwenye redio yetu ya Kigusii. Mtangazaji akaipiga hewani, nchi nzima ikasikia ikiita. Jioni hiyo hiyo namba ya mtoto wetu ilikuwa imesambaa kila mahali. Kuna kijana wa Nairobi aliyejirekodi akiipiga, na watu laki mbili wakamtazama. Mhubiri wenu naye akasema ameonyeshwa Duke ameketi chini ya mnazi, amekonda lakini anacheka. Yupo pia yule mhandisi wa mitambo ya simu aliyepiga redioni akasema kwa upole kwamba huenda laini hiyo haijawahi kutoka Kenya. Alitukanwa mpaka akakata simu. Wewe ulisema amelipwa na wenye ndege.

Mtangazaji alipotafuta mtu wa kueleza jambo hilo, Ombui alinitaja mimi. Waliniuliza kama simu iliyozama baharini inaweza kuita. Nilijibu, kwa sauti yangu hii, kwamba simu iliyozama majini haiiti. Nilisema mimi ni fundi na nimezifungua simu zilizokufa kwa kuanguka kwenye ndoo ya maji tu, sembuse bahari. Kila neno lilikuwa kweli. Orpah ananiambia ulilia kwa furaha uliponisikia, na kwamba tangu siku hiyo kila anayekushauri ukubali kwamba Duke hayupo tena unamwambia aje aniulize mimi, Anyona.

Wiki mbili zilizopita ndipo meli ilipookota bawa la ndege na viti baharini, na baadaye miili. Uliiona ile barua ya serikali iliyopitia kwa chifu. Inasema waliopatikana hawatambuliki kwa macho, kwa hiyo wanamtaka mama mzazi afike Nairobi atoe mate ya kupimwa DNA, yalinganishwe na miili hiyo. Mwisho ni Ijumaa hii, tarehe ishirini na mbili. Ambaye hatatambuliwa atazikwa pamoja na wengine huko huko walikopatikana, kaburi moja, watu ambao hawakujuana hata majina. Ulimrudishia chifu barua yake. Ulisema wazee walikataza kumlilia mtu aliye hai, na kwamba kwenda kumtafuta Duke kati ya maiti ilhali simu yake inaita ni kumfukia kwa mikono yako. Na kwa unayoyajua wewe, una haki.

Jumatano iliyopita shemeji Masese alikuja kibandani. Hakuniambia kama umemtuma, na sidhani. Aliketi juu ya lile boksi la redio mbovu, akavua kofia, akasema Duke si damu yake lakini amemlea tangu hajaota meno, na mate yake yeye hayawezi kusaidia kitu. Alisema amekwisha kufyeka mahali pa kumlaza, nyuma ya migomba, kwa siri, ili usione. Akaniomba nizungumze nawe, kwa kuwa ni mimi tu unayenisikiliza. Niliona machozi yake, Dada. Masese, ambaye hakulia hata alipovunjika mguu.

Alipokuwa bado anapangusa uso, simu ikaanza kutetemeka ndani ya droo yangu. Ilikuwa saa saba mchana. Ikatetemeka mpaka bisibisi zikagongana. Masese akanihimiza nipokee, pengine ni mtu mwenye shida. Nikamjibu kwamba ni simu ya mteja. Tukakaa hivyo, wawili, tukaisikiliza mpaka ikanyamaza.

Nyanchera, aliyekuwa anapiga ni wewe. Simu ya Duke haikuzama kwa sababu haikupanda ndege. Ninayo mimi.

Jumatatu ile kabla hajasafiri, Duke alipita kibandani kuniaga. Alikuwa amepata ile simu kubwa ya kwenda nayo. Hii ndogo ya vibonyezo akaniachia, na laini yake ikiwa ndani. Alisema laini ikikaa bila kutumika huwa inafungwa, naye hakutaka kuipoteza kwa sababu ndiyo namba pekee ambayo wewe, mama yake, unaijua kwa kichwa. Aliniomba niiweke hai mpaka arudi. Akaniomba pia nikuambie kwamba iko kwangu, kwa kuwa angekupigia kwa namba mpya akifika. Nikamwambia asijali. Halafu wateja wakaja, nikasahau. Kosa langu la kwanza lilikuwa hilo tu, na laiti lingeishia hapo, leo tungekuwa tunalisema huku tukitikisa vichwa.

Alhamisi ile ilikuwa inachajiwa kwenye meza yangu pamoja na za watu wengine. Ikaita, nikaona imeandikwa Mama. Nilijua nikipokea utasikia sauti yangu mahali pa sauti yake, na utaanguka hapo ulipo. Nikaiacha. Dakika tano baadaye ukanipigia kwa simu yangu, unalia na kucheka, unaniambia inaita, Anyona, ya Duke inaita. Nikafungua mdomo nikuambie. Nyuma yako nikasikia akina mama wa kanisa wanaanza kuimba. Nikakuambia Mungu ni mwema, endelea kupiga.

Ningeweza kuizima. Ningeweza kuiacha betri ife yenyewe, nawe ungedhani imekwisha huko iliko. Badala yake nimekuwa nikiichaji. Kila asubuhi, kabla sijafungua dirisha la kibanda, naichomeka, maana watu wanaipiga mchana kutwa na haifikishi jioni. Mwanzo nilijiambia ni huruma, kwamba siku ikizimika utampoteza mwanao mara ya pili. Lakini baada ya redio haikuwa huruma tena. Nilikuwa nimekwisha kusema mbele ya nchi nzima, na niliogopa kuonekana mwongo. Niliichaji simu ya marehemu ili jina langu lisiharibike hapa Ogembo. Hivyo ndivyo ilivyo, na hata nikiigeuza vipi haina upande mzuri.

Wengine wakipiga huchoka upesi. Wewe huacha mpaka ikatike yenyewe. Nimeona pia ujumbe uliouandika tarehe tatu, ule unaosema kama hawamruhusu kuongea basi apokee tu usikie anapumua. Niliusoma. Nilikuwa na soldering mkononi, ile ya kuchomelea nyaya, nikaimalizia redio ya mtu, nikala chakula cha mchana.

Jana nilimweleza Orpah. Hakupiga kelele. Aliuliza kama nimewahi kupokea hata mara moja, nikasema hapana. Akaniambia ataibeba barua lakini hatanitetea, na kwamba atakaa nawe usomapo, asiondoke mpaka umalize. Kama sasa yupo hapo mbele yako, jua kwamba usiku alilala chumba cha watoto. Simlaumu.

Kwa hiyo nakusihi, Dada, si kwa ajili yangu. Nenda Nairobi. Nimezungumza na chifu wa kwenu, anasema barua bado anayo mezani na hajairudisha. Alhamisi asubuhi gari la kanisa litawapitia, wewe na Masese, na Orpah amekubali kufuatana nanyi. Watakupangusa shavu kwa ndani kwa kijiti chenye pamba, ni dakika moja. Ukikosa Ijumaa hii, Duke atalala ugenini kwa sababu ya mjomba wake. Mtu wetu hulala kwao. Mahali pake Masese amepatengeneza vizuri, ukitaka mwambie akuonyeshe, na usimkasirikie kwa kukuficha.

Msamaha siombi leo. Sioni ni kwa mdomo gani. Kesho saa nne nitakwenda kwenye ile redio nilikotamba, niwaambie waliopiga na wanaoendelea kupiga kwamba simu ilikuwa kwangu, na kwamba yule mhandisi alisema kweli. Ombui atanicheka, na wanayo haki wote kunicheka. Lakini sikutaka ulisikie kwa redio. Ndiyo maana barua inafika leo.

Nisalimie watoto, hasa Damaris, aliyeniandikia kuuliza kama huko visiwani kuna shule. Nimeshindwa kumjibu. Msalimie Masese, ukiona inafaa. Mama anawasalimu, bado hajui, na nitamwambia mwenyewe jioni hii kabla hajasikia kwa watu. Mungu awatie nguvu mnapokwenda na mnaporudi.

Nimebaki kibandani peke yangu, mlango nimeufunga. Najua kuna sehemu ya moyo wako itakayosema Anyona anadanganya, kwamba wenye ndege wamemlipa naye. Mimi ndiye niliyekufundisha kufikiri hivyo. Basi ukimaliza kusoma, piga ile namba unayoijua kwa kichwa. Leo nitapokea.

Ni mimi nduguyo,
Anyona