Picha Pacha za Bi Hanna

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla ya yote, goti linaendeleaje? Salma aliniambia umeanza tena kwenda sokoni mwenyewe, nikafurahi sana. Na baba, kikohozi kimemwacha? Huku Ujerumani baridi imeshaingia, lakini mimi mzima, alhamdulillah. Narudia, mama: mimi mzima. Jumapili kwenye simu nililia hadi ukadhani jicho limekufa. Sikulia kwa msiba. Ndiyo maana nimeandika barua hii, na Mwajuma anayekuja huko likizo atakukabidhi mkononi, Salma akusomee polepole.

Unajua tangu nilipopasuliwa jicho la kushoto mambo hayakuwa sawa. Daktari alisema nuru imerudi, ila kama macho mawili yatakubali kufanya kazi pamoja, hilo tungoje. Nikangoja. Kila kitu kilikuwa bapa, kama kimechorwa ukutani. Chai naimimina mezani, kikombe kipo pembeni kinanitazama. Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi wakanitoa jikoni, wakanipa kukunja mashuka. Msimamizi alisema bila ukali, "Zainabu, sitaki uungue." Lakini nilijua baada ya mashuka hakuna kazi nyingine. Baada ya mashuka ni kuagwa.

Sasa, hapa yupo bibi mmoja, Bi Hanna, mkali, hataki mtu aguse vitu vyake. Jumapili wanawe hawakutokea, akaniita chumbani. Akatoa kijisanduku cha mbao chenye vioo viwili, unakiweka machoni kama darubini, pamoja na kadi nene za picha za zamani. Kila kadi ina picha mbili zilizofanana, ubavu kwa ubavu, kama pacha.

"Babu yangu alizikusanya safarini," akasema. "Ukitazama vizuri zinakuwa moja, na humo ndani unaweza kutembea."

Nikatazama. Mbili. Akabadilisha kadi: daraja, soko, farasi. Mbili vilevile. Nilishaelewa kijisanduku kile kinaniuliza nini.

"Sioni, Bi Hanna. Jicho langu limekataa."

"Unalikaza mno. Tazama mbali, kama unamngoja mtu mwisho wa barabara."

Akaweka kadi nyingine. Mama, ilikuwa mtaa wa pwani yetu! Jina la mji limekwanguka, siwezi kuapa kwamba ni Bagamoyo, lakini ukuta ni ule ule wa mawe, mlango ni wa kuchongwa, na mwanamke anakuja, kapu kichwani. Nikamtazama kama namngoja. Picha zikatikisika, zikasogeleana, zikaachana. Nikashusha pumzi, nikasema bismillahi. Zikashikana, na mtaa ukafunguka. Misumari ya mlango ikachomoza hadi nikanyoosha kidole niiguse. Nyuma ya mlango ukumbi ukaingia ndani, mrefu, wenye kiza. Na yule mwanamke akajitenga na ukuta, akawa mbele kabisa, hewa imemzunguka. Nikasogeza bega nimpishe.

Bi Hanna akacheka kwa sauti. "Umeingia!"

Hapo ndipo nilipokupigia nikilia.

Alhamisi nilikwenda kwa daktari. Akanipima kwa mataa na vioo vyake, kisha akavua miwani, akasema, "Yamepatana." Neno moja tu, mama, nikatoka nje nikakaa kwenye benchi kwenye baridi, sikuisikia. Jumatatu narudi jikoni. Bi Hanna naye ameninasa: kila alasiri lazima nimsimulie yule mwanamke anakwenda wapi. Nimemwambia anawahi nyumbani, ameacha chungu motoni. Ameridhika.

Nisalimie baba, mwambie nimekumbuka dua zake. Nisalimie kaka Idrisa huko Mbegani na wanafunzi wake wa uvuvi. Na shangazi wa Kerege, aliyeweka nadhiri ya mbuzi kwa ajili ya jicho langu, mwambie dua imejibiwa. Achinje, asiningoje mimi. Salma, ahsante kwa kusoma. Usiruke mahali.

Na siku nitakayokuja, asije mtu uwanja wa ndege kunishika mkono kama kipofu. Simameni tu pale mbali. Nitawaona mimi kwanza.

Mwanao,
Zainabu