Jeneza limeteleza Ayany

Shivachi, niko hapa Ayany. Jeneza la babake Awiti, mteja wetu, limeteleza kwa pickup yetu. Jeneza, Shivachi.

Si unakumbuka nilimwambia braza Austine tuweke mpira huko nyuma, ule mzito unashika mzigo? Akasema mpira ni wa watu wa makaa. Akaenda akaweka plastiki nyeusi inang'aa, ati inazuia gari isichubuke, na wateja wakiona watajua ni ya maana.

Sasa leo tukatoa mzee mochari, kazi yetu ya kwanza. Kukanyaga tu bump ya hapa, jeneza likateleza kama sabuni mpaka likagonga mlango wa nyuma. Kona moja imepasuka. Wamama wa kanisa walikuwa wanatufuata wakiimba, wimbo ukakatika.

Awiti akashuka kiti cha mbele, akafunika hiyo kona na leso yake. Akaniuliza polepole, "Maurice, hata kumbeba tu mmeshindwa?"

Na Austine, unajua alikuwa anafanya nini hiyo saa yote? Ameinama, anapapasa plastiki yake. Akaniangalia, akasema, "Si nilikuambia? Gari haijachubuka hata kidogo."