Nyaya Arobaini na Moja

Port Pirie, 8 Februari 2023

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo, na salamu za Mama pia. Vipi goti? Vipi masikio? Shangazi Despina anasema kukupigia simu siku hizi ni kama kulipigia jiwe, basi naandika, tena kwa Kigiriki kama ulivyoagiza. Ukiona kosa, jua nilikuwa nimechoka.

Habari yenyewe ni hii. Baraza la mji limeuza banda la mizigo. Klabu yetu ya reli ndogo lazima itoke kabla Aprili haijaisha. Tumepata nyumba ya zamani ya wacheza tufe, ile yenye zulia linalonuka bia. Chumba ni kizuri, lakini ni kifupi kuliko banda kwa mita mbili. Bwana Trevor anasema meza nzima, na reli zake, vilima vyake na madaraja yake, itakatwa kwa msumeno vipande tisa, ibebwe, kisha iunganishwe upya huko. Mama Glenys alilia kidogo, halafu akatukatia keki.

Kila Jumatano Trevor ananiuliza, "Yule mzee mkorofi anarudi lini kutusumbua?" Mimi natabasamu tu. Unanijua. Tangu uniachie kiti chako na kura yako nimesema pale maneno kama sita, na manne kati yake ni "asante".

Stesheni yako ya Mulgarra pale mezani nitailinda.

Anthoula

*

Adelaide, 16 Februari 2023

Mjukuu wangu Anthoula,

Marahaba. Nipo, namshukuru Mungu. Goti ni goti. Hapa kwa shangazi yako nalishwa supu ya dengu kama mfungwa. Wewe je, unakula? Mama yako hajambo?

Makosa yako ni kumi na saba, lakini lililoniuma ni moja: umetia sahihi "Anthoula" mtupu. Barua isiyosema wewe ni nani kwangu ni bili ya umeme.

Sasa sikiliza. Mita mbili zikikosekana, watatafuta cha kutupa, na macho yatatua Mulgarra kwa sababu iko mwisho wa meza. Wewe unaona kibanda cha kadibodi na tangi la maji. Mimi mwaka 1964 nilikuwa kibarua wa genge la reli pale jangwani, nzi wengi kuliko watu. Bibi yako aliletwa na treni ya Alhamisi. Tulikuwa tumeonana kwenye picha tu. Akashuka na gauni la bluu na birika la kahawa mkononi, akatazama huku, akatazama kule, akaniuliza, "Mji uko wapi?" Nikamwambia, "Umesimama juu yake." Stesheni ile nimeijenga miaka mitatu, na yeye yupo jukwaani, mdogo kama punje ya mchele. Kaburini kuna jiwe lake. Pale ndipo alipo.

Chini ya meza kuna nyaya arobaini na moja. Kila mmoja nimeufunga kitambaa chenye maandishi ya Kigiriki. Wataziogopa. Hakuna wa kuzisoma ila wewe. Na kumbuka sheria yetu: bendera moja nyekundu inasimamisha treni. Mtu mmoja akiinua, shauri linasimama mpaka asikilizwe. Asiyeinua ameridhia. Kibendera changu unacho. Huhitaji hata kufungua mdomo. Inua mkono tu.

Babu yako,
Lefteris

*

Port Pirie, 22 Machi 2023

Babu yangu mpendwa sana sana,

Shikamoo. Hujambo? Goti halijambo? Shangazi hajambo? Sisi wazima. Joto limepungua. Paka wako mzima. Jirani anakusalimu, kasisi anakusalimu, muuza samaki anakusalimu. Niwie radhi kwa kukawia, ilikuwa mitihani.

Mkutano ulifanyika, mambo yalikwenda sawa. Mulgarra imefungwa kwenye blanketi, usiwe na wasiwasi. Ule vizuri na ulale vizuri.

Mjukuu wako anayekupenda kuliko wajukuu wote,
Anthoula

*

Adelaide, 30 Machi 2023

Mjukuu wangu, jicho langu,

Umeinua! Barua yako nimemsomea Despina mara mbili, mara ya pili alikimbilia jikoni. Binti yule yule aliyekuwa akijificha nyuma ya koti langu kila Jumatano! Mimi mzima, goti zima, hata dengu zimekuwa tamu.

Ufunguzi ni tarehe 17 Mei. Despina ataniendesha. Nimenunua shati.

Nifurahishe kwa jambo moja. Waya wa nne, ule mwekundu, uliusomaje? Nilihofia wino umefifia.

Babu yako,
Lefteris

*

Adelaide, 19 Aprili 2023

Anthoula mjukuu wangu,

Kristo amefufuka. Natumaini hamjambo wote.

Siku ishirini nausubiri waya wa nne. Badala yake imekuja kadi ya Trevor ya Pasaka, Pasaka yao, wiki moja kabla ya yetu. Nimeisoma polepole nisije nikakosea. "Tunasikitika kuhusu Mulgarra, rafiki. Mjukuu wako hakuinua bendera, tukajua umeridhia."

Mmoja wenu ananidanganya. Sema ni yeye. Nitaamini.

Babu yako,
Lefteris

*

Port Pirie, 3 Mei 2023

Babu,

Shikamoo. Sijui kama utaitika.

Aliyedanganya ni mimi. Nimeandika barua hii mara tano. Nne zimo chini ya godoro.

Ilikuwa tarehe 15 Machi. Trevor alikuwa amelala chali chini ya meza na tochi. "Jamani, njooni muone! Huku kuku amechovya miguu kwenye wino akapita!" Wakacheka. Brayden, mjukuu wake, tuliye naye darasa moja, alicheka kuwashinda wote. Shuleni ananiita "Jibini" tangu siku uliyokuja kunichukua ukaniita kwa Kigiriki pale getini. Nilimwambia mimi lugha hiyo siijui, wewe tu ndiye unayeisema. Nimeshikilia hivyo miaka mitatu, na Jumamosi nikienda shule ya Kigiriki napita nyuma ya kanisa nisionekane. Hili hata Mama halijui.

Mama Glenys akasema, "We Trevor, acha utoto. Si mjukuu wa Lefteris yupo hapa? Anthoula mpenzi, unaweza kuyasoma haya?"

Chumba kizima kikanigeukia. Maji ya chai yalikuwa yanachemka, nakumbuka mlio wake. Brayden aliinua nyusi.

Nikasema, "Hapana. Ni alama zake tu."

"Basi," akasema Trevor, na hakusema kwa ubaya, Babu, "nyaya arobaini na moja bila maelezo ni kazi ya miezi mitatu, na nafasi yenyewe hatuna. Napendekeza Mulgarra tusiihamishe, itupwe. Mwenye nyekundu?"

Akahesabu mpaka tano kama kawaida. Kibendera chako kilikuwa chini ya paja langu. Nilikuwa nimekikalia. Alihesabu polepole, akinitazama. Nadhani alikuwa ananipa nafasi. Tatu. Nne. Ulisema niinue mkono tu, nisifungue mdomo. Lakini ukiinua wanakuuliza kwa nini. Tano.

Walikata Jumamosi. Trevor alisema, "Shika hapo, mama," nami nikashika upande mmoja wa ubao, tukaupeleka kwenye kontena la taka. Walipoingia ndani kunywa chai nikapanda juu ya kontena, nikasoma vitambaa vyote. Dakika ishirini, Babu. Ilinichukua dakika ishirini.

Wa nne haukufifia. "Taa ya jukwaa. Anafika."

Bibi nilimbandua kwa kisu. Yumo humu, kwenye pamba. Mguu mmoja ulibaki jukwaani.

Nitukane. Niandikie lolote, lakini niandikie.

Mjukuu wako,
Anthoula

*

Adelaide, 12 Mei 2023

Anthoula,

Kifurushi kimefika.

Kiingereza cha nyaya nakijua. Nimekifanyia kazi miaka thelathini na minne, na Trevor mwenyewe ni mimi niliyemfundisha kulehemu. Vitambaa vile niliviandika ulipokuwa na miaka saba. Niliviandika kwa Kigiriki kusudi siku moja chumba kizima kinyamaze kikusubiri wewe useme.

Kilinyamaza.

Bibi yako namrudisha. Hapa kwa Despina hakuna pa kumsimamisha. Tarehe 17 sitakuja. Shati nimempa mume wa Despina, linamtosha.

L. Karvounis
Mwanachama namba 3